Mshale wa Tatu Mashineni kwa Immakulata

Mimi napenda sifa, na sioni kwa nini nifiche. Kibondo wananijua. Mashine yangu ya kusaga iko nyuma ya soko, na ndiyo iliyotangulia mtaani kwetu kuachana na dizeli ikaingia umeme wa fezi tatu. Anayesema Immakulata anajisikia, na aseme. Nimesaga mihogo ya watu kwa injini ya kupiga hendeli mpaka bega likaniteguka, nikiwa na moshi puani na mtoto mgongoni. Sasa nabonyeza kitufe. Unataka ninune?

Basi mchukue mtu kama mimi, umwambie ni mwizi.

Ilianzia Kasulu, kwenye ofisi ya umeme. Huko walikuwa wamegundua kwamba mashine yangu ina mota kubwa na foleni ya wateja tangu asubuhi, lakini mita inahesabu theluthi tu ya umeme ambao mota kama ile ingekula. Msoma mita mmoja akalitamka hilo akiwa anakunywa chai kwenye kibanda cha Zena, na midomo ya watu unaijua. Mchana nikasikia kwamba nina waya wa siri unaopita chini ya ardhi. Jioni nikasikia kwamba ndivyo walivyo hawa watu wa kuja.

Hilo la mwisho ndilo lililonichoma. Wazazi wangu walikimbia Burundi wakiwa hawana hata sufuria, mimi nikazaliwa huku, uraia tukapewa, na sasa hata Kirundi changu kimechanganyika na Kiha mpaka mwenyewe sijui mpaka uko wapi. Lakini marehemu mama alituonya tukiwa wadogo. Alisema mwenyeji akiiba, ameiba yeye, ila sisi mmoja wetu akiiba tumeiba wote. Kwa hiyo sikuogopa kukatiwa umeme, wala polisi sikuwaogopa sana. Niliogopa wajukuu zangu kuitwa shuleni wajukuu wa mwizi, na familia zote zilizokuja na wazazi wangu kunyooshewa kidole kwa ajili yangu.

Sasa sikia balaa lenyewe. Kitinda mimba wangu, Ange, ni fundi wa mita, na anafanya kazi ofisi ile ile ya Kasulu. Taarifa ya mashine yangu ilipofika mezani alienda moja kwa moja kwa mkubwa wake, Mhandisi Bazilio, akamwambia hii ni ya mama yangu mzazi. Mhandisi angeweza kumwacha Kasulu, na nadhani alitaka. Lakini pale ofisini hakuna anayechora mishale ya umeme, ile michoro ya kuonyesha umeme unavyokwenda, kama Ange, Mhandisi mwenyewe alikiri, ndipo wakakubaliana kwamba Ange atakuja ila hatagusa chochote. Mhandisi atapima, Ange atachora.

Aliponipigia simu kunieleza, mimi nikaona Mungu kanisikia. Nikamwambia mwanangu, njoo uwaambie watu kwamba mama yako hajawahi kuiba hata muwa wa mtu.

"Mama, sitakuja kukutetea," akasema. "Nitakuja kuchora. Mchoro ukisema umeiba, nitausoma hivyo hivyo mbele ya watu."

Nilimkatia simu. Damu ilinichemka, nikapiga teke debe la pumba, mguu ukaniuma siku nzima. Nimekuzaa, nimekusomesha kwa unga, halafu unaniambia utanisoma mbele ya watu? Nilizunguka uani nikimtukana peke yangu. Halafu nikaona nacheka, maana ukaidi ule nimeupika mimi mwenyewe, na hakuna jirani wa kumsingizia.

Walikuja siku ya soko, gari lao limegeuka rangi kwa vumbi la barabara. Nilikuwa nimefagia, lakini mashine ya mihogo hata ufagie vipi, sakafu inabaki nyeupe. Watu walijaa mpaka nje. Rafiki yangu Epifania alisimama ubavuni mwangu kama mlinzi, Zena alifunga kibanda chake akaja, nadhani kwa aibu ya yale yaliyosemewa kwake. Jirani yangu Mudathiri, mwenye duka la jumla, akaja na kiti chake kabisa. Mudathiri si mtu mbaya, ila haamini kitu mpaka akigeuze pande zote, na ndiyo sababu duka lake limesimama.

Mhandisi Bazilio ni mrefu, mpole, anaongea taratibu kama anasoma waraka kanisani. Akanisalimu kwa heshima. Ange akanishika mikono miwili, akaniuliza habari za nyumbani, za wajukuu, za mbuzi, kila kitu kama inavyopasa, lakini machoni hakunitazama. Nikajua kuna jambo limemkaa kooni. Nikadhani ni aibu yangu.

Jambo la kwanza Mhandisi alikagua lakiri, vile vifungo vya risasi vinavyofunga sanduku la mita. Akasoma namba zake kwa sauti, akalinganisha na zilizo kwenye kumbukumbu zake, akasema zote ni nzima na ni zile zile zilizofungwa siku sanduku lilipohamishwa. Kweli tulilihamisha. Lilikuwa ukuta wa karibu na kinu cha kusagia, unga ukawa unaingia ndani, nikapiga kelele mpaka likapelekwa ukuta wa pili. Kisha akavunja lakiri, akafungua, akaniambia niwashe mashine na nimwage mihogo kama kawaida.

Ndani ya sanduku, kila waya mmoja kati ya zile tatu umevaa pete nyeusi. Pete hizo ndizo zinazoonja umeme unaopita na kuiambia mita. Mhandisi akawa anabana kwa kipimo chake waya mwembamba unaotoka kila pete kwenda kwenye mita, anataja namba, Ange anasikiliza. Alipomaliza akaniambia nizime. Mashine ikanyamaza.

Ange akachuchumaa, akachora kwa kidole kwenye unga wa sakafuni. Kwanza mishale mitatu mirefu iliyotoka nukta moja, imeachana sawasawa, kama mafiga ukiyatazama kutoka juu. Hiyo, akasema, ni misukumo ya umeme, mmoja wa waya mwekundu, mmoja wa njano, mmoja wa bluu. Halafu akachora mishale mifupi, hiyo ni umeme wenyewe unaotembea kwenye waya. Mfupi wa kwanza ukakaa nyuma kidogo ya mrefu wake. Wa pili vivyo hivyo. Wa tatu, wa bluu, ulipaswa kukaa karibu na mrefu wa bluu, lakini kidole chake kikaenda upande wa pili kabisa, kikauchora kati ya mwekundu na wa njano. Akabaki anautazama.

Mudathiri akaivuta kofia yake nyuma. Akauliza, kwa adabu lakini akauliza, wao watajuaje kwamba mishale hiyo haikuchorwa kumwokoa mama. Watu wakaguna. Mimi nikajiandaa kumjibu vizuri, Epifania akanifinya.

Ange hakukasirika. Akaniomba kinu cha mbao na michi mitatu.

Kwetu huku hakuna asiyejua kutwanga watu watatu kinu kimoja. Mmoja anaanza, wa pili anafuata, wa tatu anafuata, michi inapishana na hakuna unaogonga mwingine. Msichana asiyejua kushika zamu yake kwenye kinu, zamani hata kuolewa ilikuwa taabu. Ange akaniweka mimi kuwa waya mwekundu, Epifania njano, Zena bluu. Akaanza kuita: nyekundu, njano, bluu, nyekundu, njano, bluu. Ukiitwa, unashusha mchi. Tukatwanga. Jamani, tulitwanga vizuri, miili inakumbuka.

Akasema sauti yake ndiyo ile mishale mirefu, na michi yetu ndiyo mishale mifupi. Akawaonyesha watu kwamba mchi unagota kinuni nyuma kidogo ya sauti, kwa sababu mtu anaitwa kwanza ndipo anashusha. Mota zote ndivyo zilivyo, akasema, ni nzito kuitika, kwa hiyo mshale mfupi kuchelewa kidogo si ajabu. Mudathiri akasogeza kiti mbele.

Kisha akamgeuza Zena. Akamwambia, ukisikia bluu, wewe inua, na ushushe pale ambapo ungekuwa umeinua. Tukaanza tena. Kumbe ukifanya hivyo mchi wako unaangukia katikati ya wangu na wa Epifania, pale pale kidole chake kilipochora. Nusura Zena anitwange vidole, mihogo ikaruka, watu wakacheka mpaka Mhandisi akacheka. Ange akatusimamisha.

"Zena ametwanga au hajatwanga?" akauliza.

Watu wakasema ametwanga, mihogo inaonekana.

"Mita haioni mihogo," akasema. "Inaona kama mchi umekwenda na sauti yake. Ukienda nayo, inajumlisha. Ukienda kinyume, inatoa. Mama moja, mama Epifania moja, halafu dada Zena anatoa moja. Wametwanga watatu, mita imehesabu mmoja."

Mudathiri ndiye aliyelitamka. Akasema, polepole, theluthi. Na kila mtu pale alikuwa ameshalisikia neno hilo kwenye chai, kwa hiyo likaingia lenyewe kichwani. Nikaona nyuso zinabadilika moja baada ya nyingine, na haki ya Mungu sijawahi kuona kitu kizuri kama kile. Pale shuleni kwao walimfundisha mishale ile kwenye ubao, kwa hesabu ndefu. Kuitia kwenye kinu, hilo alilitoa nyumbani kwangu.

Lakini Mudathiri ni Mudathiri. Akasema sawa, pete ya tatu imegeuka, je, aliyeigeuza si mwizi? Mhandisi akamjibu mwenyewe. Akasema anayetaka kuigeuza lazima avunje lakiri, na lakiri ni zile zile za siku ya kuhama, hazijaguswa. Kwa hiyo pete imekuwa hivyo tangu siku ile. Kosa ni la ufungaji, na mwenye mashine hana kosa. Walioifunga walikuwa watu wa mkandarasi, walishatawanyika zamani, na yeye ataandika kwamba aliyefunga pete hiyo hakutambulika.

Basi imekwisha, si ndiyo? Jina langu limetoka safi mbele ya soko zima. Epifania alishajaza mapafu kupiga vigelegele. Nami nilishaanza kumtafuta kwa macho kila mtu aliyesema watu wa kuja, nimtazame tu, nisiseme kitu.

Ange akasimama. Alikuwa na unga magotini.

"Mhandisi, usiandike hivyo," akasema. "Pete ya bluu niliifunga mimi."

Vigelegele vya Epifania vikaishia kifuani. Tena ni kweli, Ange kabla ya kuajiriwa Kasulu alikuwa na mkandarasi yule, na siku ya kuhamisha sanduku alikuwepo. Akaeleza yote. Kwenye ukuta wa zamani nyaya zilishuka kutoka juu. Kwenye ukuta mpya zinapanda kutoka chini. Pete ina upande wake wa kupokelea umeme, hivyo zote tatu zilipaswa kugeuzwa. Mwenzake Gharibu alifunga nyekundu na njano, akazigeuza. Yeye akafunga bluu kama alivyoizoea kule ilikotoka. Akasema alisahau kuigeuza, tena hakuchora mishale kabla ya kufunga lakiri, na mwenye kuchora angeliona kosa hapo hapo.

Hakusema zaidi, na mimi nilijua ameacha kitu. Siku ile nilikuwa nimewaita mashangazi, majirani na wanakwaya waje wamwone binti yangu akifunga umeme. Akiwa katikati ya kazi nikamwita ashuke asalimie, na salamu za kwetu si za kupunga mkono. Unamshika kila mtu mikono miwili, unaulizia nyumba yake yote, na mashangazi walikuwa wengi. Ndipo akarudi kwenye pete ya bluu, kichwa kimejaa mbuzi wa watu. Wewe unayenicheka, mtoto wako akifunga umeme wako mwenyewe, ungewaacha mashangazi nyumbani? Mimi siombi radhi, ningewaita tena. Lakini alikuwa na haki ya kulisema, lingempunguzia mzigo, na hakulisema.

Nikapiga hatua mbele kulisema mimi. Ange akanizuia kwa mkono.

"Mama, reka," akanong'ona kwa lugha ya nyumbani. Acha.

Nikamuuliza kwa lugha hiyo hiyo, tangu lini ulijua. Akaniambia tangu aliposikia theluthi. Maana yake siku ile ya simu alikuwa anajua. Aliomba kuja akijua mchoro wake utaishia wapi, na njia nzima kutoka Kasulu alikaa na jambo hilo kifuani, karibu na mkubwa wake, wala hakutafuta njia ya kulikwepa. Nami nilikuwa nimepiga teke debe kwa ajili yake.

Mhandisi Bazilio alimgeukia Ange. Akamwambia kwamba akiliandika hivyo, Ange ataitwa Kigoma kuhojiwa, na huenda akaondolewa kwenye kazi ya mita. Akamuuliza kama ameelewa. Ange akasema ameelewa. Mhandisi akaandika, na nilimwona akiandika taratibu mno, kama mtu asiyependa kalamu yake.

Kisha akanigeukia. Akaniambia pete lazima igeuzwe leo au kesho, na kwamba mimi kama mteja nina haki ya kukataa fundi aliyekosea. Anaweza kumtuma mwingine asubuhi, na hakuna atakayenilaumu. Watu wote wakanitazama. Ange akatazama chini, kwenye mishale yake, na nikaona anajiandaa kupigwa.

"Aifunge yeye," nikasema. "Mwingine simtaki."

Mhandisi akauliza kama nina hakika. Nikamwambia mhandisi, umesikia, au nipaze sauti. Mudathiri akasema amesikia hata yeye aliye mbali.

Basi wakakata umeme, Mhandisi akajaribu kwa kipimo kuhakikisha hakuna unaopita, akasimama nyuma yake. Ange akapanda stuli, akaifungua pete ya bluu, akaigeuza, akaibana. Umeme ukarudishwa, nikawasha mashine, nikamwaga mihogo. Safari hii Mhandisi alipotaja namba, Ange alichora kabla hata mlango wa sanduku haujarudi. Mishale mitatu mirefu, na mitatu mifupi, kila mmoja nyuma kidogo ya mwenzake. Watu waliinama kuitazama, wanawake waliokuja na ndoo za mihogo, wanaume wa baiskeli, na nilimsikia mmoja akimweleza mwenzake kwamba ule wa bluu sasa umeshika zamu. Mhandisi akafunga lakiri mpya.

Mudathiri akanisogelea, akaniambia kwa sauti ya huruma kwamba kuanzia leo mita itakimbia mara tatu. Nikamwambia na ikimbie.

Ange alikuwa bado amechuchumaa, anajifanya anafuta vidole. Nikamshika mkono, nikamsimamisha katikati ya mashine yangu, mbele ya soko lote, na unga wake magotini.

"Mmemwona," nikasema. "Aliyekosea ni huyu. Aliyesema ni huyu, na mnaona hakuna aliyemlazimisha. Aliyerekebisha ni huyu. Ni wangu, ni mtoto wa watu wa kuja. Mwenye wake kama huyu, amlete tumwone."

Wengine walicheka, Epifania akapiga vile vigelegele alivyovimeza. Nilisubiri kidogo, nikawatazama mmoja mmoja. Hakuna aliyeleta.